Swali la Mwaloni: Niliyojifunza Nikiandika Tasnifu ya Sheria

Wengi wanaoniuliza kuhusu shahada yangu ya uzamivu huanza kwa kutaka kujua nilisoma chuo gani, na jibu langu huwashangaza kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ile sikuifanyia chuoni. Niliifanyia katika taasisi ya utafiti, yaani Taasisi ya Max Planck ya Sheria Linganishi ya Umma na Sheria ya Kimataifa, iliyoko Heidelberg nchini Ujerumani. Taasisi hiyo ilianzishwa Berlin mwaka 1924 na ikaanza upya Heidelberg mwaka 1949, baada ya vita. Haina wanafunzi wa shahada ya kwanza wala mitihani ya muhula, na yenyewe haitoi shahada. Anayeandika tasnifu pale husajiliwa katika kitivo cha sheria cha chuo kikuu, na chuo hicho ndicho kinachoteua watahini na kutoa cheti. Nalisema hili mapema kwa kuwa vijana wa Mwanza wanaoniomba ushauri hudhani kwamba kukaribishwa na taasisi ni sawa na kukubaliwa kusoma shahada. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza kutafutwa ni msimamizi: profesa mwenye mamlaka ya kusimamia tasnifu, ambaye amelisoma pendekezo lako na kulikubali kwa maandishi. Bila huyo, meza nzuri katika taasisi nzuri haikufikishi popote.

Nilikwenda Heidelberg nikiwa tayari wakili na mhadhiri msaidizi, mama wa watoto wadogo, mzaliwa wa Kirumba jirani na soko la Mwaloni, ambako dagaa waliokaushwa hupakiwa kwenye malori kuelekea Kongo, Burundi na Rwanda. Pendekezo nililoingia nalo lilihusu sheria zinazotawala Ziwa Victoria kwa jumla. Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 68,800. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Kila jambo linalolihusu, iwe mipaka, uvuvi, usafiri, uchafuzi au maji yenyewe, lina mikataba yake, na kila mkataba una historia inayotosha kumshughulisha mtu mzima kwa miaka.

Kwa muda mrefu nilivutwa na maji. Barua zilizobadilishana Uingereza na Misri mwezi Mei 1929 zilizuia kazi yoyote kwenye Nile na maziwa yake ambayo ingewapunguzia Wamisri maji bila ridhaa yao. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitamka kwamba haifungwi na makubaliano hayo, na msimamo huo wa Mwalimu Nyerere kuhusu mikataba ya wakoloni bado hufundishwa katika somo la sheria ya kimataifa. Mtu wa Mwanza anayezisoma nyaraka hizo, huku akikijua chanzo cha maji cha Ihelele wilayani Misungwi, kinachopeleka maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama, hawezi kuzisoma kama mgeni. Misri iliulalamikia mradi huo ulipotangazwa, na Tanzania ikaujenga. Kisha ulikuja Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2024. Ni mada kubwa na inayogusa moyo, na maktaba ya taasisi, ambayo ni miongoni mwa maktaba kubwa kabisa za sheria ya kimataifa barani Ulaya, ina vitabu vyake vya kujaza rafu nyingi mno. Hapo ndipo nilipoelewa shida halisi ya taasisi ya utafiti. Nyumbani tulizoea kuhangaika kwa kukosa kitabu kimoja. Kule kila kitabu kipo, na mtu anaweza kusoma hadi muda wa ufadhili ukaisha, akiwa na maarifa tele na sura hata moja haijakamilika.

Siku moja msimamizi wangu, akiwa amesoma maandishi marefu niliyompelekea kuhusu Nile, aliniuliza jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa kila mwanafunzi wangu: "Mada hii inatosha taasisi nzima kwa miaka kumi. Wewe unataka kujua nini hasa, ambacho usipokitafuta wewe hakuna mwingine atakayekitafuta?" Sikuwa na jibu pale pale. Jibu nililipata Igombe, wilayani Ilemela, nilipokuja nyumbani kufanya mahojiano.

Kufika mwaloni, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, kama mtafiti kuna njia yake hata kwa mzaliwa. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo hushuka wilayani na katika manispaa, kisha kwa mtendaji wa kata na wa mtaa, mpaka kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wananchi kinachosimamia rasilimali za uvuvi katika mwalo. Nawashauri watafiti waifuate ngazi yote bila kuruka hata moja, kwa sababu mvuvi aliyewahi kunyang'anywa nyavu katika doria humtilia shaka kila anayekuja na daftari, na barua iliyopitia kwa mwenyekiti wake humtuliza. La pili ni kupanga kazi kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka hupumzika, hushona nyavu na kurekebisha mitumbwi. Siku hizo ndizo za mazungumzo marefu. Anayekwenda wakati wa giza huwakuta alfajiri wakiwa hawajalala, akawachosha, naye akaambulia majibu ya mkato.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi, aliyekuwa amenisikiliza kwa subira nikimweleza kuhusu Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria na Baraza lake la Mawaziri, alinikatiza akaniambia: "Binti yangu, wewe umesoma sheria. Nijibu moja tu. Mawaziri hawa watatu wakikubaliana leo huko Jinja, mimi kesho asubuhi nikishusha nyavu nitakuwa nimevunja sheria, au bado?" Waliokuwa wamekaa naye walinyamaza kunisubiri. Nilimwambia kwamba jibu fupi ni bado, na kwamba jibu refu ndilo ningependa kuliandika.

Tasnifu nzima ilijengwa juu ya swali hilo. Mkataba ulioanzisha Shirika hilo ulitiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994, na makao yake yako Jinja nchini Uganda. Mawaziri wa nchi wanachama hukubaliana hatua za pamoja, kwa mfano kwamba sangara mwenye urefu wa chini ya sentimita 50 asivuliwe. Lakini Tanzania ni nchi ambayo ahadi iliyotolewa nje haigeuki kuwa sheria ya ndani kwa saini pekee. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na hata baada ya kuridhiwa, mvuvi wa Igombe anafungwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zilizotungwa na waziri chini yake na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Uganda na Kenya nazo zina njia zao. Kati ya siku mawaziri wanapokubaliana na siku kila nchi inapotangaza kanuni yake, ziwa moja hubaki na sheria tatu, na katika kipindi hicho mtu anaweza kukamatwa upande mmoja kwa jambo ambalo jirani yake analifanya kwa uhuru upande wa pili.

Hali hii ni ya zamani kuliko mkataba wa 1994. Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zisiwe na macho ya chini ya inchi tano ili kuwalinda ngege, samaki wa jamii ya sato. Kipimo hicho kilifuatwa kwa miaka kadhaa katika makoloni yote matatu. Katikati ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika zilikiacha, ilhali Kenya iliendelea nacho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilipoiona habari hiyo kwenye ripoti za zamani niliacha kusoma, nikatembea nje kidogo, maana mzee wa Igombe alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa maneno yake, kama alivyolisikia kwa baba yake.

Baada ya hapo maktaba iligeuka kuwa msaada mkubwa. Nilijiwekea utaratibu kwamba kitabu kisichosaidia kumjibu yule mzee kinarudi kwenye rafu siku hiyo hiyo, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa utaratibu huo vitabu vya Nile viliondoka mezani pangu, jambo lililoniuma, na vikaingia vitabu ambavyo nisingewaza kuvitafuta.

Muhimu kuliko vyote vilikuwa vile vinavyohusu ziwa la Bodensee, linalopakana na Ujerumani, Austria na Uswisi. Ni ziwa dogo sana likilinganishwa na letu. Jambo la ajabu ni kwamba katika sehemu yake kubwa mataifa hayo hayajawahi kukubaliana kwa mkataba mpaka unapita wapi majini: Uswisi husema unapita katikati, na Austria imekuwa na hoja kwamba maji ya kina ni mali ya wote kwa pamoja. Hata hivyo, kuhusu samaki walielewana mapema, katika makubaliano yaliyotiwa saini Bregenz tarehe 5 Julai 1893, ambayo yaliweka masharti ya zana na vipindi vya kupumzisha uvuvi, na wajumbe wa nchi hizo bado hukutana kuyasimamia. Ni mkutano wao ulioamua kwamba samaki wao mashuhuri wa jamii ya felchen wasivuliwe kwa miaka mitatu kuanzia 2024, kwa kuwa walikuwa wamepungua mno.

Sisi tulianza upande wa pili. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza ziliandikiana mkataba ambao, pamoja na mambo mengine mengi, uliupitisha mpaka ndani ya ziwa kwa kufuata nyuzi 1 kusini ya Ikweta, mstari ambao hadi leo ndio unaoitenga Tanzania na jirani zake majini. Mpaka ulikuwepo kabla hata Wajerumani hawajaweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Mkataba wa samaki ulikuja zaidi ya karne moja baadaye. Sura iliyolinganisha historia hizi mbili ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika tasnifu, na bado ninaamini kwamba mashirika yetu yangefanya kazi kwa wepesi zaidi kama yangeanza na samaki wanaovuka mstari, kisha yakarudi kwenye mstari wenyewe. Watahini hawakukubaliana nami wote katika hilo, na mmoja wao alinionyesha kwa haki kabisa kwamba Bodensee lina wavuvi wachache na nchi tajiri, mambo ambayo hayawezi kupuuzwa.

Nyaraka za wakati wa Wajerumani zilinidai jambo ambalo sikulitarajia, yaani kujifunza kusoma mwandiko wao wa mkono wa zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila mafunzo. Mafaili ya ofisi ya makoloni yako katika Nyaraka za Shirikisho, Berlin-Lichterfelde, na mengine yaliyobaki huku yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Anayekusudia kugusa kipindi hicho aanze mafunzo ya mwandiko mapema, kwa sababu ni kazi ya macho na mazoea, na haiwezi kuharakishwa miezi ya mwisho.

Kilichonisaidia zaidi pale taasisini, kupita hata maktaba, kilikuwa kikao cha kila wiki ambapo watafiti huelezana kesi mpya, mikataba mipya na mizozo ya kimataifa, kila mmoja kwa dakika chache mbele ya watu waliobobea. Zamu yangu ilipofika nililazimika kuieleza kanuni ya uvuvi ya Tanzania kwa watu ambao hawajawahi kuuona mtumbwi wa sangara, na kuieleza kwa namna ambayo mtaalamu wa Mahakama ya Haki za Binadamu au wa sheria ya bahari angeona inamhusu. Maswali yao yalikuwa makali na ya heshima. Mmoja aliuliza kwa nini Tume Kuu ya Usafiri wa Mto Rhine, ambayo asili yake ni mkutano wa Vienna wa mwaka 1815, inaweza kupitisha kwa kauli moja maamuzi yanayozifunga nchi wanachama, ilhali Shirika letu hutegemea kila nchi itunge kanuni zake. Swali hilo peke yake lilizaa sehemu nzima ya sura ya nne. Ninatamani vitivo vyetu vya sheria vya Kanda ya Ziwa viwe na kikao cha namna hii, hata kama kitaanza na wahadhiri wanne na chai ya maziwa, kwa sababu upweke ndio unaoua tasnifu nyingi za sheria kuliko ukosefu wa fedha. Mwanasheria huandika peke yake; hana maabara inayomkutanisha na wenzake kila asubuhi.

Fedha nazo zina neno lake. Ufadhili wa uzamivu katika taasisi za namna ile kwa kawaida hupangwa kwa miaka mitatu, na nyongeza ikipatikana ni fupi. Tasnifu nyingi hukamilika baada ya fedha kwisha, na yangu ilikuwa hivyo. Nilirudi Mwanza nikiwa na sura za mwisho mkononi, nikafundisha mchana, nikaandika usiku baada ya watoto kulala. Mume wangu alichukua kazi zote za nyumba katika kipindi hicho bila kunikumbusha hata mara moja kwamba amezichukua. Wanawake wenye familia wanaopanga safari hii wakae na wenzao wazungumze kwa kina kuhusu miezi hiyo ya mwisho, zaidi ya wanavyozungumza kuhusu miaka ya ughaibuni, maana wakiwa mbali kila mtu anaelewa kwamba uko masomoni, ilhali ukiwa nyumbani misiba, harusi na vikao vya ukoo vinakudai kama kawaida, na ni haki yao kukudai.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimekubaliana na msimamizi kumpelekea kurasa mwishoni mwa kila mwezi, ziwe nzuri au zisiwe nzuri, na yeye azisome ndani ya wiki chache. Makubaliano hayo ndiyo yaliyonifikisha. Kurasa mbaya zilizosomwa na mtu mwingine ziliweza kurekebishwa. Zile nilizokuwa nikizikamilisha kichwani hazikuwa na mtu wa kuzirekebisha.

Utetezi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko hofu iliyoutangulia. Watahini wawili walikuwa wameshaandika tathmini zao, na mazungumzo yalihusu mambo yale yale waliyoyahoji kwa maandishi. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba kufaulu utetezi nchini Ujerumani hakumpi mtu haki ya kujiita daktari siku hiyo. Ni lazima kwanza tasnifu ichapishwe, nakala zifikishwe chuoni, ndipo cheti kitolewe na jina litumike. Watu wa nyumbani walikwisha kunipigia vigelegele, na kanisani nilitangazwa kwa cheo ambacho kisheria bado sikuwa nacho. Niliwaomba kwa upole wasubiri, na wakasubiri. Sharti hilo nimelipenda. Linamlazimisha mwandishi akabidhi kazi yake kwa wasomaji kabla ya kupokea heshima yake.

Wasomaji wangu wa kwanza, hata hivyo, wasingeweza kununua kitabu cha Kiingereza kinachouzwa kwa euro. Kwa hiyo niliandika muhtasari kwa Kiswahili kwa ajili ya viongozi wa BMU na maafisa uvuvi, na kazi hiyo ilinitaka uangalifu mwingi kuliko sura yoyote, kwa sababu kila sentensi ilikuwa itasomwa na mtu ambaye kesi yake inaweza kuitegemea. Tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na ninaona wajibu huo unawahusu watafiti kama unavyowahusu mahakimu. Tuliusoma muhtasari huo pamoja Igombe na Kayenze, wakati wa mbalamwezi, sehemu kwa sehemu. Walinipinga mahali pawili kuhusu namna doria zinavyoendeshwa, na nikarekebisha.

Katika maandishi yote yale, walichoomba kubaki nacho ni ukurasa mmoja tu wa viambatisho: jedwali linaloonyesha kila hatua ya pamoja iliyokubaliwa na mawaziri, tarehe ilipokubaliwa, na tarehe kanuni yake ilipotangazwa katika kila nchi. Mwenyekiti mmoja aliniambia kwamba hayo mengine ni ya wasomi wenzangu, lakini huo ukurasa anaweza kumwonyesha ofisa anapokuja na kanuni ambayo haijatangazwa. Nimekuwa nikiliendeleza jedwali hilo kila tangazo jipya linapotoka, ingawa halihesabiwi katika machapisho yangu ya kitaaluma. Nakala za karatasi huzipeleka katika ofisi za BMU za mialo hiyo miwili, na viongozi wa mialo ya Ukerewe wanaoniomba huwatumia kwa WhatsApp.